William Sheppard, mchungaji mweusi aliyehesabu mikono ya Kasai

Vijana wetu wanaotoka Mwadingusha kwenda kusoma katika vyuo vya Likasi na Lubumbashi wanafundishwa habari za ukoloni, za mpira wa msituni na za ubaguzi wa rangi. Wakirudi nyumbani wakati wa likizo wanatuuliza kanisa lilikuwa upande gani. Swali ni zuri, wala jibu lake si moja. Kwa ajili yao, na kwa ndugu wa makanisa ya mashariki wanaofundisha, tunaeleza hapa maisha ya mtu mmoja ambaye habari zake zinafaa kusomwa darasani zote, hata zile zinazotuumiza.

William Henry Sheppard alizaliwa Machi 1865 huko Waynesboro, Virginia, mwaka uleule utumwa ulipokomeshwa Marekani. Baba yake alikuwa kinyozi na mtunzaji wa jengo la kanisa. Bado kijana, aliingia Hampton, shule iliyofunguliwa kwa ajili ya weusi waliotoka utumwani. Mchana alifanya kazi, usiku akasoma, na mmoja wa walimu wake alikuwa Booker T. Washington. Kisha akasomea uchungaji Tuscaloosa, Alabama, katika chuo ambacho leo kinaitwa Stillman. Kilianzishwa na Wapresbiteri weupe wa kusini ili kuwaandaa wahubiri weusi, mbali na vyuo vya weupe. Waliompa Sheppard elimu ndio haohao waliomwekea mpaka, na mwalimu akifika hapa asiharakishe kupita.

Aliomba kutumwa Afrika. Halmashauri ya misioni ilikawia, kwa kuwa haikutaka kumtuma mweusi bila mweupe wa kumwongoza. Mwishowe akapatikana Samuel Lapsley, kijana wa jamaa iliyowahi kumiliki watumwa, nao wakasafiri pamoja mwaka 1890. Mwaka uliofuata walifungua kituo cha Luebo, Kasai. Walipendana kweli. Lakini Lapsley alikufa kwa homa mwaka 1892, na yule ambaye hakuaminiwa kwenda peke yake akabaki kuiendeleza kazi. Mwaka huohuo alifika mji mkuu wa mfalme wa Wakuba, ambao wageni walikatazwa kuukanyaga. Baadaye akamwoa Lucy Gantt, mwalimu, aliyefanya kazi naye Kasai. Walizika watoto wawili katika udongo wa Kongo.

Mwaka 1899 habari zilifika Luebo kwamba wapiganaji Wazappo Zap, waliotumwa kudai kodi ya serikali ya Mfalme Leopold, walikuwa wakichoma vijiji. Mmisionari mwenzake, William Morrison, alimtaka aende kuangalia. Sheppard alikwenda akiwa na hofu. Kiongozi wa wale wapiganaji alimpokea kama rafiki na kumwonyesha yote. Juu ya moto palikuwa na mikono ya kuume ya watu, ikikaushwa ili ipelekwe kwa serikali kuwa ushahidi wa kazi iliyofanyika. Akaihesabu, ikawa 81. Taarifa yake ilivuka bahari, na Marekani na Ulaya zikashtuka.

Wanafunzi wengi huishia kwenye mikono hiyo, wakasema weusi waliuana wenyewe kwa wenyewe. Inafaa waulizwe nani aliyedai kodi, bunduki zilitoka wapi, na mpira uliuzwa kwa faida ya nani. Sheppard mwenyewe aliyafuata maswali hayo. Mwaka 1908 aliandika katika gazeti la misioni, Kasai Herald, kwamba Wakuba waliokuwa na mashamba mazuri na nyumba imara sasa wanalazimishwa na walinzi wenye silaha kutafuta mpira kwa malipo kidogo, na mashamba yameachwa. Hakutaja kampuni kwa jina. Hata hivyo Kampuni ya Kasai, ambayo nusu ya hisa zake ilikuwa ya serikali, ilimshitaki. Mwaka 1909 alisimama mahakamani Léopoldville, akitetewa na Émile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti wa Ubelgiji. Alishinda, kwa sababu kampuni haikutajwa. Ule utaratibu wenyewe wa mpira haukuhukumiwa.

Tungeweza kuruka yanayofuata, ila tusingekuwa wa kweli. Sheppard alirudi Marekani mwaka 1910, akaungama uzinzi alioufanya Kongo, akasimamishwa uchungaji kwa muda. Baadaye alichunga kanisa la weusi Louisville, Kentucky, hadi kifo chake mwaka 1927. Aliitwa kuhubiri mbele ya weupe wengi juu ya Kongo. Juu ya ubaguzi wa nchi yake mwenyewe alisema machache. Wengine wanamlaumu. Sisi tunakumbuka kwamba siku zile mweusi wa kusini aliweza kunyongwa na kundi la watu kwa neno moja tu, na hatuna haraka ya kumlaumu.

Mwaka 1930, miaka mitatu baada ya kifo chake, Union Minière ilianza kuzalisha umeme hapa Mwadingusha, kwenye maporomoko ya Lufira. Kituo kiliitwa Francqui na maporomoko yakaitwa Cornet, majina ya Wabelgiji wawili waliofika Katanga na msafara mmoja. Vibarua wa kampuni waliletwa kutoka mbali, wengi kutoka Kasai ileile ya Sheppard. Hakuna kitu kilichopewa majina yao. Wajukuu wao walizaliwa hapa, wakasali nasi. Kisha mwaka 1992, Likasi, watu waliofukuzwa majumbani kwa sababu ya asili yao ya Kasai walilala kwenye kituo cha treni wakingoja mabehewa, na waliowafukuza walikuwa jirani zao.

Mwalimu wa Likasi anayefundisha maisha ya Sheppard atafika kwenye kituo hicho cha treni, atake asitake, na mbele yake watakuwa wameketi watoto wa waliofukuzwa na watoto wa waliofukuza.