Semei Kakungulu, Jemadari wa Utaratibu

Wengi humkumbuka marehemu Semei Kakungulu kwa bunduki. Sisi twamkumbuka kwa utaratibu. Mwaka 1899 alielekea mashariki ya Uganda na askari wake. Nchi aliyoitiisha aliigawa katika saza, gombolola na muluka, kila ngazi na mkuu wake. Amri ikashuka na kodi ikapanda kwa njia moja, bila kuzungukazunguka. Mwaka 1902 Waingereza walimwondoa Budaka, lakini ngazi zile wakazishika. Yeye akajenga Mbale. Tangu 1906 hadi 1913 aliongoza Baraza la Busoga, huko Jinja, akaueneza mpango uo huo. Alifariki mwaka 1928. Aliowashinda hawakumpenda wote. Hata hivyo, kituoni na kambini tujiulize: jalada hili lapita mikono mingapi bure?