Bibi Katharine Cook, Mkunga wa Mengo

Kila mwaka kurasa hizi za watu mashuhuri hujaa wanasiasa na wakimbiaji. Si vibaya, maana sisi wa Kericho na Bomet wakimbiaji tunao tele. Lakini safari hii nimemchagua mwanamke ambaye hakukimbia mbio zozote wala hakuongoza chama. Kazi yake ilikuwa kuzalisha, na zaidi ya hapo, kuwafundisha wanawake wengine kuzalisha. Jina lake ni Katharine Cook. Kabla ya kuolewa aliitwa Katharine Timpson.

Najua mtauliza, huyu wa Uganda anatuhusu nini sisi tunaoishi kwenye majani chai? Anatuhusu sana. Alipofika Mengo mwaka 1897, katika ramani za Waingereza nchi hii yetu ilihesabiwa ni sehemu ya Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902, upande wa mashariki wa Uganda ulipokatwa ukatiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mwalimu wetu wa Historia alilisema jambo hili mara moja tu akaendelea na mengine, lakini mimi likanikaa kichwani. Tena shangazi yangu ni muuguzi mkunga, na ndiye aliyenitajia jina la mama huyu kwanza. Alinitajia akiwa amechoka, ametoka zamu ya usiku, viatu bado vina tope. Nikaanza kutafuta habari zake.

Katharine alizaliwa Uingereza mwaka 1863. Alisomea uuguzi, akapanda cheo hadi akawa msimamizi wa zamu ya usiku katika hospitali ya Guy's huko London. Hiyo si kazi ndogo. Shangazi husema usiku ndio humpima muuguzi, kwa sababu daktari amelala na wewe ndiye wa kuamua kama aamshwe au asiamshwe.

Mwaka 1896 alijiunga na chama cha wamishonari wa Kianglikana, CMS, akapanda meli mpaka Mombasa. Reli ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa pale pwani, kwa hiyo msafara wao ulikwenda mwendo wa miezi, na wapagazi wakibeba dawa na mahema. Walifika Mengo, mji mkuu wa Kabaka, mwezi wa Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo daktari kijana aitwaye Albert Cook, aliyezaliwa mwaka 1870. Hebu pigeni hesabu wenyewe: bibi alikuwa amemzidi daktari miaka saba. Walioana mwaka 1900. Najua huko nyuma ya darasa kuna watakaoguna, lakini ndoa hiyo ilidumu mpaka kifo.

Mara tu walipofika walianza hospitali kwenye kilima cha Namirembe. Ilijengwa kwa matete na kuezekwa nyasi. Daktari alikuwa mmoja, na Katharine ndiye aliyekuwa matroni, kazi aliyoishika mpaka mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1897 Kabaka Mwanga aliwaasi Waingereza, kisha askari wa Kisudani nao wakaasi, na majeruhi wakaletwa Mengo. Baadaye hospitali kubwa zaidi ilijengwa, lakini mwaka 1902 radi ikaipiga ikateketea. Wakajenga tena. Mimi nasoma habari hizi nawaza: matroni ndiye wa kutafuta shuka zingine, ndiye wa kuuliza leo wagonjwa watalala wapi. Kwenye vitabu vingi jambo hilo halimo. Mumewe ndiye aliyeitwa Sir baadaye, na ukimwuliza mtu habari za Mengo atakwambia ni hospitali ya Daktari Cook.

Sasa tuje kwenye uzazi, ndipo penye kiini cha habari yangu.

Wanawake wa Buganda walikuwa na wakunga wao wa kienyeji, kama vile kogo zetu huku walivyokuwa na wao. Wakunga hao walijua mengi, tusiwadharau. Walijua kumtuliza mama, kumkanda, kumlaza vizuri. Lakini mtoto akikwama, au damu ikikataa kukatika, au mama akishikwa na kifafa cha mimba, mkunga wa kienyeji hakuwa na la kufanya. Mama wa namna hiyo alibebwa kupelekwa hospitali baada ya mambo kuharibika. Daktari akiwa hodari vipi, akiletewa mama aliyekaa na uchungu siku tatu, mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Na vichanga pia walikufa kwa wingi. Kitovu kikikatwa kwa kitu kichafu, pepopunda humwingia mtoto, na baada ya siku chache mdomo unakaza hawezi kunyonya. Usaha wa macho nao ulipofusha watoto ambao tone moja la dawa lingewaokoa. Haya yote yalijulikana Ulaya. Kule Vienna daktari Semmelweis alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1847 kwamba daktari akinawa mikono kwa dawa, mama hawafi ovyo kwa homa ya uzazi. Lakini ujuzi uliokuwa Vienna na London ungemfikiaje mwanamke aliye nyuma ya migomba, mwendo wa siku mbili kutoka Mengo?

Hapo ndipo namwona Bibi Cook kuwa mtu mwenye akili. Yeye na mumewe waliona kwamba kuongeza vitanda Mengo peke yake hakutoshi. Mkunga mwenye ujuzi ndiye aende kukaa karibu na mama, na awe mwanamke wa nchi ile ile, anayesema lugha ile ile. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walianzisha chuo cha ukunga pale Namirembe. Kilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa Uganda wa wakati huo. (Huyo gavana Coryndon alihamia Kenya mwaka 1922 akafia Nairobi mwaka 1925. Jumba la makumbusho la Nairobi liliitwa kwa jina lake kwa miaka mingi. Ajabu, jina la kazi ya wakunga linajulikana kidogo, lile la jumba lilijulikana kote!)

Wako waliotilia shaka kama wasichana wa Kiafrika wataweza ukunga wa kitabu. Waliweza. Walisoma kwa Kiganda, na Daktari Cook akawaandikia kitabu cha ukunga katika lugha hiyo. Walifanya mtihani wakapewa cheti. Kisha walitumwa mashambani kwenye vituo vidogo vya akina mama na watoto. Bibi Cook akawa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo hivyo, akitembelea kimoja baada ya kingine. Umri wake ulikuwa umekwisha pita miaka 55, wakati ambapo wengine hukaa barazani kunywa chai.

Nilimwuliza shangazi, mkaguzi hukagua nini? Akanihesabia kwa vidole, na sidhani mambo haya yamebadilika sana. Je, kuna maji yaliyochemshwa? Wembe au mkasi wa kitovu umechemshwa? Mkunga ananawa mpaka kwenye kiwiko au ncha za vidole tu? Baada ya kondo la nyuma kutoka, anaushika tumbo wa mama kuona kama umekaza, ama anakimbilia kumtazama mtoto kama ni mvulana au msichana? Maana damu nyingi humwagika dakika zile zile ambazo watu wote wanashangilia. Mtoto akaushwe, afunikwe kichwa, awekwe kifuani pa mama, anyonye yale maziwa ya kwanza ya manjano ambayo watu wengine huyamwaga wakidhani yameharibika. Kila mama aandikwe kwenye daftari, aliyepona na asiyepona. Shangazi anasema daftari ni muhimu kama wembe, kwa sababu bila daftari hujui kama unaokoa watu au unajidanganya.

Lakini mgala muuwe na haki mpe. Bibi Cook na mumewe walikuwa na kasoro za wakoloni wa siku zao. Tangu mwaka 1908 hivi kulikuwa na kelele kwamba kaswende imeenea Uganda nzima, na kwamba ndiyo inayoua mimba na watoto kwa sababu ya tabia mbaya za watu. Wanawake walipimwa kwa njia za kuwaaibisha, na kampeni ya afya ikachanganywa na mahubiri. Wataalamu wa baadaye wameona kwamba wengi wa wagonjwa wale huenda walikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi unaofanana na kaswende na ambao watoto huambukizana wakicheza tu. Kwa hiyo watu walilaumiwa bure. Chuo cha wakunga kilizaliwa ndani ya kelele hizo hizo. Naona ni haki kulisema hili, kisha niseme pia kwamba mama aliyekatiwa kitovu cha mwanawe kwa wembe safi alifaidika, hata kama aliyemfundisha mkunga alikuwa na mawazo mabaya kuhusu majirani zake.

Huku kwetu mambo yalifuata njia hiyo hiyo, pole pole. Nairobi, Pumwani ilianza mwaka 1926. Bomet, pale Tenwek, wauguzi wamishonari ndio waliotibu na kuzalisha kwa miaka mingi kabla daktari wa kwanza, Ernest Steury, kufika mwaka 1959. Yaani tena ni wauguzi kwanza, daktari baadaye.

Na shida ya mwendo bado ipo. Tazameni majina yetu humu darasani. Chepkemoi alizaliwa usiku, Kipkoech alfajiri, Cherop na Kiprop mvua ikinyesha. Cheruto ni mtoto wa safarini. Sisi Wakipsigis tumeandika rejista ya uzazi katika majina yetu! Katika masika yaliyopita jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Zahanati iliyo karibu, ambayo siitaji jina, ilikuwa imefungwa, hakuna mtu wa zamu. Bodaboda ikakwama kwenye utelezi. Mwishowe alipandishwa kwenye lori la majani chai lililokuwa limechelewa kiwandani, na mtoto akazaliwa juu ya magunia kabla hawajafika hospitali. Damu ilimtoka nyingi. Alipona, lakini alikaa wodini siku tisa. Mtoto ni msichana, na jina lake bila shaka mmekwisha kulibashiri.

Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013, na hilo liliwasaidia wengi. Lakini mlango ukiwa umefungwa saa nane za usiku, kutolipa kunasaidia nini? Ndiyo maana nawaza vile vituo vya Buganda, mkunga akilala hapo hapo kituoni. Si jambo la ajabu wala la gharama ya ndege. Lilifanyika miaka 100 iliyopita, kwa watu waliokwenda kwa miguu na baiskeli.

Bibi Cook alifanya kazi Uganda kwa zaidi ya miaka 40. Hakurudi kwao kuzeekea huko. Alifariki mwaka 1938, akazikwa Namirembe karibu na kanisa kuu. Mumewe aliishi mpaka mwaka 1951, naye akazikwa huko huko. Hospitali ya Mengo ipo hadi leo na bado inazalisha akina mama. Wale wakunga wa kwanza waliopewa vyeti na kupelekwa mashambani, majina yao sikuyaona katika vitabu nilivyopata. Kama kuna msomaji mwenye jamaa Kampala, amwulizie, tuyaandike katika jarida la mwaka ujao.