John Kemeny: Mkimbizi aliyeifungua kompyuta kwa kila mwanafunzi

Wengi wetu tunaikumbuka kompyuta ya shuleni: ilikaa ndani ya chumba chenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwalimu mmoja tu. Leo tunamwangalia mwanahisabati aliyeamini kwamba kufuli hilo halikustahili kuwepo.

John Kemeny alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka 1926, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1940 familia yake ilikimbilia New York. Babu yake alikataa kuondoka, na aliuawa katika mauaji ya Wayahudi. Kijana huyo alifika akijua Kiingereza kidogo sana, lakini alimaliza sekondari akiwa wa kwanza darasani.

Akiwa mwanafunzi wa Princeton aliitwa jeshini na kupelekwa Los Alamos, ambako alifanya hesabu za mradi wa bomu la atomiki. Baadaye, alipokuwa akisomea udaktari, alimsaidia Albert Einstein kazi za hisabati.

Mwaka 1953 alijiunga na chuo cha Dartmouth, katika jimbo la New Hampshire. Chuo hakikuwa na kompyuta. Mwenzake, Thomas Kurtz, alilazimika kupanda treni akiwa na kadi zilizotobolewa matundu, ili zikasomwe na kompyuta ya chuo kingine karibu na Boston. Kosa dogo kwenye kadi lilimaanisha kusubiri safari nyingine.

Wanafunzi wengi wa Dartmouth hawakusoma sayansi. Kemeny aliona kwamba hao ndio watakaokuja kuongoza serikali na biashara, hivyo nao waielewe mashine hiyo. Kwake, kompyuta ilipaswa kuwa kama maktaba: mwanafunzi anaingia bila kuomba ruhusa.

Yeye na Kurtz walitunga BASIC, lugha rahisi ya kuandikia programu. Wanafunzi wao nao waliandika mfumo ulioiwezesha kompyuta moja kuhudumia watu wengi, ikimpa kila mmoja sehemu ndogo ya muda kwa zamu. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, Kemeny na mwanafunzi mmoja waliendesha programu zao kwa pamoja. Wote wawili walipata majibu sahihi.

Baadaye shule za sekondari pia ziliunganishwa na kompyuta hiyo kwa laini za simu. Kemeny alikadiria kwamba hesabu zilizochukua mwaka mzima Los Alamos, mwanafunzi wa Dartmouth angeweza kuzimaliza alasiri moja.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 1981 alikuwa mkuu wa Dartmouth, na mwaka 1972 chuo kilianza kudahili wanawake kusomea shahada. Muda wote huo hakuacha kufundisha darasani. Alifariki Desemba 1992.

Tunapozungumzia teknolojia shuleni, mara nyingi tunahesabu mashine. Kemeny alikuwa na moja tu ya kuanzia. Alichouliza ni nani anaruhusiwa kuigusa.