Maisha ya Daktari Francis Cecil Sumner

Sisi wavulana wa kidato cha nne tukizungumza bwenini juu ya masomo ya mbele, wengi hutaja udaktari, uhandisi au sheria. Siku moja mwenzetu alitaja saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa watu. Tulimcheka. Mimi nami nilicheka, maana nilidhani ni elimu ya wendawazimu tu, isiyompatia mtu kazi. Tangu nilipopata habari za Daktari Sumner sicheki tena.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Pine Bluff, Arkansas, huko Marekani. Siku hizo shule za sekondari za watoto weusi zilikuwa haba sana, basi alisoma nyumbani akisaidiwa na baba yake. Mwaka 1911, akiwa na miaka 15, alifaulu mtihani akaingia Chuo Kikuu cha Lincoln. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Clark, lakini Vita Kuu vilimkatiza masomo, akapelekwa Ufaransa kuwa askari. Aliporudi alivishika tena vitabu vyake, na mwaka 1920 akawa mtu mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari katika saikolojia.

Tangu mwaka 1928 alifundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Huko alifika kijana Kenneth Clark, nia yake kuwa daktari wa hospitali. Aliposikia mafundisho ya Sumner alibadili nia akashika saikolojia, kisha akamshawishi Mamie Phipps, ambaye baadaye alikuwa mkewe, aache hisabati. Wawili hao waliwaonyesha watoto wadogo weusi wanasesere weupe na weusi. Wengi walimpenda mweupe. Ndipo ikaonekana jinsi ubaguzi unavyomfundisha mtoto kujidharau.

Sumner alifariki Januari 1954. Mei mwaka huo huo, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, na uchunguzi wa Clark ulitajwa katika hukumu hiyo. Marehemu hakuiona siku ile, bali mbegu ilikuwa yake.

Nimekwisha kumwomba radhi mwenzangu. Nanyi wenzangu, tusiidharau elimu kabla ya kuijua.