William Marshal: Mtoto wa rehani aliyeokoa ufalme

WILLIAM Marshal alikuwa na umri wa miaka mitano hivi alipopelekwa kunyongwa. Mwaka huo wa 1152, Mfalme Stephen wa Uingereza alikuwa ameizingira ngome ya babake, John Marshal, huko Newbury. John aliomba vita visitishwe kwa muda, akamtoa mwanawe rehani kuthibitisha kwamba angeisalimisha ngome. Badala yake, aliingiza askari na chakula. Alipoarifiwa kuwa mtoto angeuawa, alijibu kwamba angali na uwezo wa kuzaa wana wengine bora zaidi. Ni huruma ya mfalme iliyomwokoa mvulana huyo.

Kwa kuwa hakuwa na urithi wa kutegemea, William alipelekwa Normandy, Ufaransa, kulelewa na kabaila wa Tancarville, jamaa ya mamake. Huko alifunzwa kazi ya askari wa farasi. Mwanagenzi alihudumu mezani, akatunza farasi na silaha za bwana wake, na kujifunza kutumia upanga na kulenga mkuki mrefu huku farasi akienda mbio. Baada ya miaka kadhaa, mnamo 1166 hivi, William alifungwa upanga kiunoni, ishara kwamba amehitimu.

Cheo hicho kilikuwa na gharama kubwa. Askari alihitaji deraya iliyosukwa kwa maelfu ya pete za chuma, kofia ya chuma, ngao, upanga na mikuki. Ghali kuliko vyote alikuwa farasi wa vita. Katika pigano lake la kwanza mjini Drincourt, William alipigana kishujaa lakini farasi wake akauawa, naye hakuteka nyara yoyote. Karamuni jioni, kabaila mmoja alimtania kwa kumwomba zawadi ya vifaa vikuukuu vya farasi, na wote wakaangua kicheko. Kijana huyo alilazimika kuuza joho lake la sherehe ili anunue farasi duni.

Fedheha hiyo ilimfunza. Katika mashindano ya kivita ya enzi hizo, mshindi alitwaa farasi na silaha za aliyemshinda, kisha akadai fidia. Uzeeni, William alihesabu kuwa alikuwa amewateka askari wapatao 500.

Hata hivyo, kilichomwinua zaidi ni uaminifu. Mnamo 1189, Richard alipomwasi babake, Mfalme Henry wa Pili, William alimkabili mwanamfalme huyo na kumuua farasi wake, ingawa angeweza kumuua yeye mwenyewe. Majuma machache baadaye Henry alifariki na Richard akawa mfalme. Badala ya kulipiza kisasi, alimwoza William Isabel de Clare, mrithi wa ardhi kubwa Wales na Ireland.

Mfalme John, aliyemfuata Richard, alimshuku William na kudai wanawe wawili wakubwa wawekwe rehani. William, aliyejua vyema hatari ya mtoto wa rehani, aliwatoa, na tofauti na babake, hakuivunja ahadi.

John alipofariki Oktoba 1216, alimwacha mrithi wa miaka tisa, Henry wa Tatu, huku makabaila waasi na Mwanamfalme Louis wa Ufaransa wakiidhibiti London. William, akikaribia miaka 70, alikubali kuwa msimamizi wa ufalme. Alitoa upya Mkataba wa Magna Carta ili kuwarejesha waasi, na Mei 20, 1217, aliongoza mashambulizi mjini Lincoln. Kwa hamu ya kupigana, nusura aende bila kofia yake ya chuma. Majeshi ya Louis yalishindwa, naye akaondoka nchini mwaka huo huo.

William alifariki Mei 14, 1219, akazikwa katika Kanisa la Temple jijini London. Mtoto ambaye babake hakujali kumpoteza ndiye aliyemhifadhia mtoto wa mwingine kiti cha enzi.