Hayati Paul Robeson: Mchezaji Aliyefutwa Jina

Wengi mmesikia habari za Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mwenye sauti nzito. Wachache wajua kwamba kwanza alikuwa mchezaji mpira. Si mpira huu wetu wa miguu, bali ule wa Kimarekani wenye umbo la yai, ambao watu 11 kila upande husukumana na kuangushana. Yeye alikuwa wa mstari wa mbele, na hapo hutakiwa mtu mwenye nguvu za maksai wa plau.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, huko Princeton. Baba yake alikuwa mtumwa aliyetoroka, akawa mchungaji. Mwaka 1915 Paul alishinda mtihani, akasomeshwa bure katika Chuo cha Rutgers, akiwa Mweusi wa tatu kusoma hapo. Siku ya kwanza ya majaribio ya timu, wenzake Wazungu walimvunja pua na kumtegua bega. Akaugua siku kadhaa, akarudi uwanjani. Mmoja akamkanyaga mkono kwa makusudi. Paul akamnyanyua juu kabisa. Papo hapo mwalimu akatangaza kwamba amemchukua.

Mwaka 1916 chuo cha Washington and Lee kilikataa kucheza na Mweusi, na Rutgers ikakubali kumweka nje. Kwa maoni yangu, kosa hilo lilizidi lile la kumvunja pua.

Marekani iliingia vitani mwaka 1917. Novemba hiyo Rutgers iliishinda timu ya askari wa akiba wa majini, iliyojaa wachezaji mashuhuri, 14 kwa 0. Robeson akachaguliwa katika timu bora ya taifa ya vyuo, mwaka huo na 1918. Alihitimu mwaka 1919, akatoa hotuba ya mahafali.

Baadaye alisomea sheria, kisha akaingia katika uigizaji na uimbaji. Mwaka 1934, London, alijifunza Kiswahili chetu hiki. Aliigiza pia katika filamu moja na Mzee Jomo Kenyatta, akaijutia kwa kuwa iliusifu ukoloni.

Kwa kutetea makoloni na kuisifu Urusi, alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950, akarudishiwa 1958. Mwaka huo huo wa 1950 kitabu kimoja cha mpira kilichapisha timu bora ya 1918 yenye majina 10.

Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari, 1976. Jina lake liliingizwa katika orodha ya mashujaa wa mpira wa vyuo mwaka 1995.