Roosevelt na hesabu za safari iliyopita Kampala

Theodore Roosevelt, aliyezaliwa 1858, alianza kupanga safari yake ya uwindaji mwaka 1908, angali Rais wa Marekani. Alijua nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Gharama zake na za mwanawe Kermit alizibeba mwenyewe, akitegemea dola 50,000 za makala alizokubaliana kuliandikia jarida la Scribner's. Wanasayansi wa Smithsonian waligharamiwa na wafadhili.

Alishuka Mombasa Aprili 1909. Miongoni mwa shehena zilikuwamo tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, na mbali na reli kila mzigo ulidai mpagazi, posho na mshahara. Fedha za wanasayansi zikapungua katikati ya safari. Ikabidi amwandikie tajiri Andrew Carnegie, naye akaongeza.

Desemba 1909 msafara ulifika Kampala. Kutoka hapo ulitembea hadi Butiaba, Ziwa Albert, ukapanda mashua kwenda Lado kwenye vifaru weupe. Machi 1910 ukaingia Khartoum.

Roosevelt alifariki 1919. Hesabu yake anaijua kila mfanyabiashara wa mpakani: kununua mzigo ni gharama moja, kuufikisha ni nyingine.